Mashine Iliyojua Mabati Tu

Siku hizi nikifungua redio sikosi kumsikia mtu akisifu akili ya mashine. Eti itatibu, itafundisha watoto, itamwambia mkulima wa bonde la Ruzizi siku ya kupanda mpunga, kana kwamba miaka yote hii mkulima wa Ruzizi alikuwa akipanda kwa kubahatisha huku akingoja simu yake ilie. Wanaoalikwa kwenye vipindi hivyo huongea Kifaransa cha mbio, na mtangazaji huitikia "naam, naam" hata pale ninaposikia wazi kwamba ameshapotea njia. Mimi huzima. Si kwamba naogopa mashine. Moja kati ya hizo niliifundisha kwa vidole vyangu mwenyewe, na nikiisikia ikisifiwa najisikia kama mama anayesifiwa mtoto wake na jirani asiyejua kwamba huyo huyo ndiye aliyemwibia kuku.

Kazi ile ilinikuta nimechoka kukaa. Nilikuwa na diploma ya kompyuta, na diploma ya kompyuta hapa Uvira ilikuwa imenifikisha kwenye meza ndogo kando ya barabara, chini ya mwavuli, nikiuza muda wa maongezi na kuwafungulia wamama simu zao zilizojifunga. Kisha kampuni moja ya ng'ambo ikakodi chumba juu ya duka la misumari na saruji, karibu na soko, ikaweka kompyuta na jenereta, ikatafuta vijana. Tulifurahi kupita kiasi. Mama alinishoneshea kitenge cha kuendea kazini, akawatangazia majirani kwamba binti yake sasa anafanya kazi na Wazungu, ingawa Mzungu mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona. Msimamizi wetu alikuwa herufi tu kwenye skrini. Aliandika, tukajibu, akaandika tena.

Tulipewa picha zilizopigwa kutoka angani, juu kabisa huko zinakopita setilaiti, nasi tukachora mstari wa manjano kuzunguka kila paa. Paa moja, mstari mmoja. Mashine ilikuwa inafuata tunavyochora, ikijifunza, mpaka siku itakapoweza kuchora peke yake. Walitueleza kwamba itafaa wakati wa maafa: badala ya watu kuzunguka mtaa kwa mtaa na maswali yao, jicho la juu litaona ni nyumba zipi zimeangamia, na msaada utawafikia wenyewe upesi. Niliamini. Mji wetu umebanwa kati ya mlima na ziwa. Mito inatushukia kutoka nyuma na maji yanatupandia kutoka mbele. Nani hapa asingetaka msaada ufike upesi?

Siku za kwanza zilikuwa tamu, sikatai. Walipotuletea picha za kwetu tulikuwa tunaitana kutoka meza moja hadi nyingine. Kiringye tuliijua kwa mifereji yake ya mpunga. Mwenzetu mmoja wa Rurambo, kule juu kwa wafugaji, aliona ng'ombe kwenye mteremko akawachorea mstari mmoja mmoja, kwa upendo wote, pengine wengine walikuwa wa baba yake. Picha ikarudishwa: ng'ombe hatuhitaji. Mwingine alichora mitumbwi ufukweni. Mitumbwi hatuhitaji. Mimi nilichora watu waliokuwa sokoni, vivuli vidogo tu ardhini, nikijua kabisa kwamba baadhi ni vya wamama wanaoniuzia nyanya. Jibu likawa lile lile, kwamba watu tuwaache, tuchore paa. Tulicheka sana siku ile. Kwa wiki nzima mtu akichelewa kufika tulimwambia, wewe hatukuhitaji, tulete paa lako.

Jambo moja nililiuliza kwa dhati. Kwetu nyumba ni mabati. Kuta ni udongo, na udongo uko kila mahali. Ukihama unauacha pale pale ulipouchimba. Mabati unahama nayo. Mtu akikimbia risasi, akigombana na ndugu juu ya shamba, akiamua tu kwamba mahali pamemchosha, kazi ya kwanza ni kupanda juu na kung'oa misumari, na msumari haupigwi ovyo, unang'olewa taratibu ili ufae tena. Ukipita barabara ya bondeni utakutana na pikipiki imebeba familia ya mabati, abiria ameyakumbatia, amefunikwa hata uso. Kwa hiyo ukiona kuta zimesimama wazi juu, usidhani ni gofu. Mwenyewe yupo mahali, na paa lake liko naye, na kiwanja kila mtu anajua ni cha nani.

Nikamwandikia msimamizi kwamba huku nyumba iliyovuliwa mabati bado ni nyumba ya mtu, je, tuichore vipi? Jibu lilichelewa kidogo, likaja fupi. Bila paa si nyumba, fuateni mwongozo. Nikaandika tena, kirefu zaidi, na mifano. Hakujibu, akatuma picha nyingine.

Asubuhi moja tulikuta ujumbe mahali pa picha. Ulitushukuru kwa mchango wetu katika safari ya ubunifu na kututakia heri katika yajayo. Mashine ilikuwa imeiva. Kabla ya mchana jenereta lilikuwa limepakiwa kwenye gari, na sisi tumesimama mbele ya duka la misumari na mifuko yetu ya chakula ambacho hatukupata saa ya kukila. Kazi hiyo wanaiita kujifunza kwa mashine. Sijawahi kusikia kwingine mwanafunzi akimfukuza mwalimu siku ya kuhitimu, lakini yawezekana huko kwao ndiyo desturi. Nilirudi kwenye meza yangu na mwavuli wangu.

Mama alikuwa anakaa mtaa wa chini, karibu na maji, katika nyumba aliyojengewa na baba kabla baba hajafariki. Mimi nilikuwa nimepanga chumba kimoja juu kidogo, upande wa mlima. Ziwa lilipoanza kupanda, lilipanda kwa adabu, kama mgeni anayesogeza kiti chake kidogo kidogo mpaka unamkuta amekalia kitanda chako. Kwanza lilichukua njia ya wavuvi, kisha mstari wa mbele wa nyumba, kisha choo cha jirani. Viboko wakawa wanakula majani uani usiku. Watu waliweka mifuko ya mchanga milangoni na kuambiana kwamba litashuka, mbona hata zamani lilipanda likashuka.

Jirani yake mama, mjane mwenzake anayeuza ndakala, dagaa wa ziwani, alikuwa katika kundi la wale waliosema litashuka. Mama hakubishana naye. Maji yalipofika magotini uani, na habari zilipoenea kwamba wezi wanapita na mitumbwi kuvua paa za nyumba zilizokimbiwa, alituita sisi wanawe na fundi mmoja, akasimama katikati ya maji, sketi ameikunja kiunoni, akatuelekeza.

"Maji ikule kuta, ni udongo tu," alisema. "Lakini manjanja yangu haitakula."

Manjanja ndiyo mabati, kwa lugha yetu ya huku. Baba aliyanunua kidogo kidogo kutoka ng'ambo ya mpaka, kila safari ya Bujumbura akirudi na machache, na mama alikuwa anaijua safari ya kila moja. Alitusimamia tukiyashusha moja moja, yeye akiyapokea kwa mikono miwili, akiyafuta kwa kanga. Moja lilimponyoka fundi, likaingia majini, mkondo ukalipeleka chini ya uzio, hatukulipata tena. Mama alililaumu siku nzima, si fundi, bati lenyewe, kama mtoto aliyetoroka. Yaliyobaki tuliyapakia kwenye gari la mihogo, yeye akapanda juu yake, wakaenda Kiringye kwa mjomba, mdogo wake, kwa kuwa chumba changu hakikuweza kubeba paa na mwenye paa. Siku chache baadaye maji yakaingia ndani, na kuta, kwa kuwa hazina kofia, zikayeyuka. Nyumba ya muuza ndakala ilibaki imesimama ndani ya maji na mabati yake kichwani, yamepata kutu.

Sasa njoo uone maajabu. Shirika moja lilikuja na mpango wa kuwagawia viwanja, huko juu ambako ziwa halitafika, wale waliopoteza nyumba. Kiwanja tu, si nyumba. Mtu alete vifaa vyake. Nilipompigia mama, nilimsikia akicheka peke yake upande wa pili. Vifaa vyake si alikuwa navyo? Alichokosa ni mahali pa kuviweka. Pale kwa mjomba alikuwa analala na wajukuu wa mdogo wake huyo katika chumba cha kuhifadhia mpunga, mwanamke mzima aliyezoea kufunga mlango wake mwenyewe, na mke wa mjomba, ingawa hakusema neno baya, alikuwa ameanza kuuliza habari za ziwa kila asubuhi. Mama alikitaka kiwanja kile kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu chochote. Alianza hata kuzungumza na mafundi.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa parokia. Kijana wa shirika, mpole, shati limenyooka, alisimama na tableti yake akaeleza kwamba safari hii hakuna upendeleo, hakuna shefu wa mtaa wa kuandika majina ya shemeji zake, hakuna mtu wa kupewa soda ili aandike. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga, maana soda hizo tunazijua. Mashine, alisema, imetazama picha ya kabla na picha ya baada. Palipokuwa na paa kabla, na sasa pameingiwa na maji, hapo pamepotea nyumba. Kisha akawasha picha ukutani. Kabla hajafungua mdomo tena nilikuwa nimeshaijua. Ile mistari ya manjano, zile pembe zilizonyooshwa, na ule ukingo mdogo unaoachwa nje ya bati ili kivuli kisihesabiwe: hivyo ndivyo tulivyokuwa tunachora sisi, juu ya duka la misumari. Nilijisikia fahari kwa muda mfupi sana.

Nikatafuta mtaa wa mama. Nyumba ya muuza ndakala ilikuwa na mstari wake, mzuri. Kando yake palikuwa na mraba wa rangi ya udongo, kuta zinaonekana kabisa, vyumba viwili na sebule, na mstari hakuna. Picha ya kabla ilikuwa imepigwa katika zile siku chache kati ya sisi kushusha mabati na maji kuingia, pengine ndizo siku pekee ambazo mawingu yalifunguka msimu ule. Waliochelewa wakaonekana. Aliyewahi hakuonekana. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, lakini mama alikuwapo, na lake alikuwa amelikalia juu ya gari la mihogo.

Sina ubaya na muuza ndakala. Alipata kiwanja chake na alistahili, na alikuja kwangu analia, akisema mama ndiye angefaa kuanza. Hasira yangu haimhusu.

Tulilalamika. Kulikuwa na namba ya malalamiko, unaandika kwenye simu na unajibiwa papo hapo, hata usiku, jambo ambalo kijana alilitaja kwa furaha. Anayejibu ni mashine nyingine. Niliieleza habari yote, mabati, wezi, gari la mihogo. Ikaniambia inasikitika sana kusikia changamoto ninayopitia, na je, ningependa kufahamu zaidi kuhusu maadili ya mradi? Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, hakina mkunjo, hakina jasho. Nikaandika tena. Ikasikitika tena, kwa maneno yale yale. Nimeonewa na watu wengi katika maisha yangu, katika biro za serikali, mpakani, kwenye foleni za benki, lakini angalau mtu anayekuonea huchoka, au hukasirika, au hukwepa macho yako, na hapo ndipo unapopata pa kuingilia. Ile haikuchoka. Ninyi mnaotengeneza vitu hivi, mliona ni nini hasa kinachotukosesha usingizi, kwamba hatupewi pole za kutosha?

Mwishowe tulienda wenyewe bironi kwa shirika. Mama alikuja kutoka Kiringye kwa pikipiki, amevaa kitenge chake cha kanisani. Shefu wa avenyu yetu alikubali kuja nasi, mzee ambaye nyumba yake mwenyewe imo majini, akasimama wima mbele ya meza akasema yeye ndiye aliyemwandika mama huyu katika mtaa wake, na nyumba anaijua, amekula humo. Yule kijana wa shirika alimsikiliza mpaka mwisho. Akaeleza, kwa heshima, kwamba anamwamini, ila katika tableti hakuna mahali pa kuweka maneno ya shefu. Mahali hapo paliondolewa kwa makusudi, kwa sababu ya zile soda.

"Mama, mashine haikuona nyumba yako," alimwambia.

"Kama haikuona, ikuje," mama akajibu. "Minye nitaionyesha."

Kijana alitabasamu, na sikumchukia kwa hilo, maana hata mimi nilitabasamu. Kisha akatupa tumaini. Kutakuwa na ukaguzi wa pili, alisema, kwa wenye malalamiko. Mashine itatazama mahali mtu anapoishi sasa, kwa picha mpya, kuhakikisha kwamba kweli hana makao yake. Aliandika jina la Kiringye, akaniomba nimwonyeshe nyumba ya mjomba kwenye ramani, nikamwonyesha kwa kidole. Mama aliuliza mara mbili kama kweli safari hii itamtazama yeye mwenyewe. Akaambiwa ndiyo, itatazama pale pale alipo.

Baada ya hapo nilienda kumtembelea. Ulikuwa wakati wa mihogo, bonde zima linanuka mihogo iliyolowekwa, na mama hakuwa mtu wa kukaa bure kwenye mji wa wengine. Alikuwa ameyatoa mabati yake kule yalikoegemezwa nyuma ya ghala, akayalaza chini kwenye uwazi pembeni mwa shamba, akayawekea mawe, na juu yake mke wa mjomba alikuwa anaanika mihogo. Hapo ndipo heshima yake iliporudi kidogo, maana mihogo iliyoanikwa kwenye bati inakauka upesi na haishiki mchanga, na majirani walikuwa wameanza kuja kumwomba nafasi.

Nilikaa naye tukila bukari, ndio ugali wa huku, na ndakala nilizomletea. Niliona kwamba hakuyalaza ovyo. Aliyapanga kama yalivyokuwa yamekaa juu ya nyumba, ya sebuleni upande huu, ya vyumbani upande ule, kila moja na mwenzake wa zamani, tundu la msumari likikutana na tundu la msumari. Akaniambia ni ili siku ya kuezeka fundi asihangaike wala asitoboe matundu mapya yatakayovuja. Lile lililopotea alikuwa ameliachia nafasi yake. Pengo lilikuwa pale kwenye pembe, kuku wanapita katikati yake. Nilimtania kwamba sasa ana nyumba iliyolala kifudifudi. Alicheka hadi akashika mbavu, akasema hata hivyo haivuji.

Ujumbe ulipokuja kwenye simu yangu ulikuwa mfupi, kwamba ombi limekaguliwa na halikukidhi masharti. Haukutaja sababu. Mama alikataa kuusikia kwa simu. Alikuja tena, kitenge kile kile, na tukaingia tena katika biro ile, na yule yule kijana akatukaribisha viti. Alionekana kama mtu aliyetamani siku hiyo awe na homa. Akageuza tableti kuelekea kwetu.

Kwenye picha kulikuwa na shamba la mjomba, na mfereji, na ghala. Pembeni mwa shamba yalikuwepo mabati ya mama, yamelala juani, yanang'aa, mapana kuliko nyumba ya mjomba yenyewe. Lazima picha ilipigwa mihogo ikiwa bado haijatandazwa. Kuzunguka mabati yale ulipita mstari wa manjano.

"Hapa njo nyumba yako, mama," kijana alisema taratibu. "Safari hii mashine imeiona. Na lupango, hii kiwanja, ni ya batu benye habana nyumba."

Nilisimama. Nilimwambia yale ni mabati yaliyolala chini kwenye majani, hayana ukuta, hayana mlango, ni kitanga cha kuanikia mihogo. Nilimwambia kwamba aliyeifundisha mashine hiyo ni mimi, na niliwaonya. Nilisema mengi na kwa sauti, mpaka mtu akachungulia mlangoni. Kijana hakubisha. Alisema anaona sasa, naam, anaona kabisa, yaya, akiniita dada yake mkubwa, lakini kutoka juu bati lililolala na bati lililoezekwa ni bati lile lile, na ukaguzi wa pili ndio wa mwisho, mashine imeshalifunga ombi. Waliotengeneza wako mbali. Angeweza kuwaandikia. Nami nilijua wanavyojibu.

 Mama wakati wote huo alikuwa ameivuta tableti karibu na uso, kwa kuwa macho yake yamechoka, na kidole chake kilikuwa kinapita juu ya kioo bila kukigusa, bati kwa bati. Alikuwa anayatambua. Alipofika kwenye pembe penye pengo, kidole kikasimama. Kisha akaona kitu kingine, kando kidogo ya pengo, kidoa cheusi na kivuli kirefu cha asubuhi.

"Na hii?" aliniuliza.

Niliinama nikatazama. Kidoa kilikuwa pale anaposimama kila siku akifukuza kuku.

"Ni weye, mama."

Akakifuta kioo kwa pembe ya kitenge, akatazama tena.

"Basi inaniona," alisema. "Sasa juu ya nini haiulize minye nalala wapi?"

Kijana alinigeukia mimi, kana kwamba swali lilikuwa langu, na kweli lilikuwa langu kuliko lake.  Niliitazama picha. Mstari wa manjano ulikuwa umeyazunguka mabati yote, pembe zimenyooka, ukingo mdogo umeachwa ili kivuli kisihesabiwe, kazi safi, kama nilivyoifundisha, na ulikuwa umemwacha mama nje.